Namba Chache Zilizochaguliwa: Jinsi Chama Kinavyoweza Kuijaribu Programu ya Hesabu Kabla ya Kuipokea

Kila msimu unapokaribia, vyama vya msingi hupokea wageni wanaoleta programu za kompyuta: za kupokea mazao mizanini, za kukata madeni ya pembejeo, za malipo ya wanachama na za mishahara ya watumishi. Mgeni hufungua kompyuta yake mbele ya Bodi, huingiza kilo 250, hubonyeza, na jibu hutokea sawasawa. Huingiza kilo 300, nalo hutokea sawasawa. Wajumbe huridhika, katibu hutia sahihi hati ya kupokelea, na kazi huanza. Yafaa kusema waziwazi kwamba jaribio la namna hiyo halikuthibitisha lolote ila kwamba programu yajua kuzidisha.

Kosa la wajumbe hao halikuwa kutumia namba chache. Hakuna awezaye kuzijaribu namba zote. Programu inayopokea kiasi chochote kuanzia shilingi 1 hadi shilingi 1,000,000 ina namba milioni moja. Karani akijaribu moja kila dakika, saa nane kwa siku, pasipo kupumzika hata Jumapili, atamaliza baada ya miaka mitano na nusu na ushei. Kosa lilikuwa kuchagua namba ambazo zote ni za aina moja. Ikiwa masharti ya chama hayatofautishi baina ya kilo 250 na kilo 300, basi jaribio la pili lilikuwa la kwanza lililorudiwa.

Iko njia ya kuchagua vema, nayo haihitaji mtu ajue kutunga programu. Mmarekani Glenford Myers aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu kazi ya kuzijaribu programu, na hata leo ni miongoni mwa mambo ya kwanza wanayofundishwa wanaoingia katika kazi hiyo. Kwa Kiswahili yaweza kuitwa kugawa thamani katika makundi linganifu. Namba zote ambazo programu yapasa kuzishughulikia kwa namna moja huwekwa katika kundi moja. Kisha kutoka kila kundi huchaguliwa namba moja iwakilishe wenzake. Programu ikikosea kwa mwakilishi, yatarajiwa itakosea kwa kundi zima. Ikipatia, hakuna faida kubwa ya kuendelea kuwauliza wenzake walewale.

Mnunuzi wa nafaka huifahamu hekima hii. Hachunguzi kila punje ya ghala. Huchoma bambo katika gunia akatazama kilichotoka. Lakini ghala likiwa na mafungu matano yaliyotoka vijiji vitano, mnunuzi mwenye akili hachomi bambo mara tano katika fungu lililo karibu na mlango. Huchoma mara moja katika kila fungu.

Na uchukuliwe mfano unaomhusu kila katibu mwenye watumishi wa kulipwa: kodi ya mishahara, ile ambayo wengi huiita PAYE. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Tanzania Bara mwezi Julai 2021, mtumishi ambaye kipato chake cha mwezi kinachotozwa kodi hakizidi shilingi 270,000 halipi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya ile ziada. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000, kodi ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kutoka hapo hadi 1,000,000 ni shilingi 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kwa anayepita milioni moja ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni hiyo.

Hapa sheria yenyewe imekwisha kuyachora makundi: ni matano. Katibu huchukua namba moja katika kila kundi na kuikokotoa kwa kalamu. Kwa 200,000 kodi ni sifuri. Kwa 400,000 ziada ni 130,000, na kodi ni 10,400. Kwa 600,000 kodi ni 36,000. Kwa 900,000 ni 103,000. Kwa 1,500,000 ni 278,000. Majibu haya huandikwa kwanza katika karatasi, ndipo kompyuta huguswa. Utaratibu huu haupaswi kugeuzwa, kwa sababu mtu aliyekwisha kuliona jibu la kompyuta huona vigumu sana kupata jibu jingine kwa kalamu yake. Jicho humfuata aliyetangulia kusema. Programu ambayo bado inatumia asilimia 9 iliyokuwapo kabla ya Julai 2021 itatoa 11,700 kwa mshahara wa 400,000, nayo itakuwa imejifichua kwa swali moja tu.

Mara nyingi muuzaji wa programu husema kwamba imekwisha kujaribiwa kwa orodha halisi ya watumishi wa chama, nayo ilipatia kwa wote ishirini. Habari hiyo yafurahisha, lakini yafaa kuuliza watumishi hao ni wa makundi gani. Katika vyama vingi walinzi, makarani na wapagazi hupata mishahara iliyo karibu karibu, na huenda wote ishirini wamo katika makundi mawili ya chini. Majaribio ishirini hayo ni mawili kwa hakika. Makundi matatu ya juu hayajaulizwa lolote, na siku chama kitakapomwajiri meneja kwa shilingi 900,000 ndiyo siku programu itakapofanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza, kwa fedha ya mtu.

Kuhusu namba ya kuchagua ndani ya kundi, liko jambo dogo la kuangalia. Kilo 1 ni shahidi mbaya. Bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, programu iliyozidisha itatoa 2,000, na iliyosahau kuzidisha itatoa 2,000 vilevile. Sifuri nayo huficha mengi, maana sifuri mara asilimia yoyote ni sifuri. Namba ya katikati ya kundi, isiyo na upekee wowote, kama kilo 237 au kilo 364, husema kweli zaidi.

Kodi ya mishahara ni mfano mwepesi kwa kuwa aliyeitunga aliifunga vizuri. Mipaka yake hairuki: kwa kipato cha 520,000 kamili, asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000, na fomula ya kundi la juu nayo huanza na 20,000. Mtumishi huyo akiwekwa huku au kule, kodi yake ni ileile. Masharti ya vyama aghalabu hayakufungwa hivyo, na hapo ndipo kazi ya katibu inapokuwa kubwa.

Chukuliwe sharti la kubuni, lakini la namna inayopatikana katika madaftari mengi ya mikutano mikuu. Mkutano umeamua kwamba mwisho wa msimu mwanachama aliyeleta kilo 100 hadi 499 atapewa nyongeza ya shilingi 20 kwa kila kilo, na aliyeleta kilo 500 na kuendelea atapewa shilingi 40 kwa kila kilo. Aliyeleta pungufu ya kilo 100 hana nyongeza. Sharti lilisomwa, mikono ikanyoshwa, likapita. Makundi yaonekana kuwa matatu, na namba za kujaribia ni rahisi: kilo 63 hazina kitu; kilo 237 hupata shilingi 4,740; kilo 820 hupata shilingi 32,800.

Sasa katibu achore mstari mrefu katika karatasi na kutia alama pale penye 100, pale penye 499 na pale penye 500. Mara moja ataona pengo. Mizani ya kisasa husoma sehemu za kilo. Mwanachama ambaye jumla yake ya msimu ni kilo 499.5 yumo katika kundi gani? Hajaishia kwenye 499, wala hajafika 500. Mkutano mkuu haukumtaja.

Mtunga programu naye hakuweza kumwacha bila kumtaja, kwa kuwa kompyuta haina budi kujibu. Kama aliandika kwamba walio chini ya 500 wapewe 20, mwanachama huyo atapata shilingi 9,990. Kama aliandika kwa kunakili maneno ya muhtasari, yaani 100 hadi 499 wapewe 20, na 500 na kuendelea wapewe 40, basi mwanachama hataingia popote na atapata sifuri, sawa na aliyeleta kilo 63. Kama programu hukadiria kilo kuwa namba kamili kabla ya kutazama makundi, 499.5 hugeuka 500, naye atapata shilingi 20,000. Mkulima ni mmoja, mazao ni yale yale, sharti ni lile lile, na malipo matatu yaliyo mbali mbali. Wala hakuna kati ya haya matatu linaloweza kuitwa kosa la kompyuta. Mtu mmoja aliyeketi mbali na kijiji, asiyemjua mwanachama hata mmoja, aliamua kwa niaba ya mkutano mkuu, na huenda hata yeye mwenyewe hakutambua kwamba ameamua.

Hii ndiyo faida ya njia hii ambayo haisemwi vya kutosha. Kabla haijaijaribu programu, huyajaribu masharti. Katibu anayegawa namba katika makundi huligundua pengo akiwa bado na karatasi mkononi, na anaweza kulipeleka kwa Bodi, na Bodi kwa wanachama, lipate jibu kwa maneno machache: “kilo 100 na kuendelea, lakini pungufu ya kilo 500.” Likigunduliwa baada ya malipo, hugunduliwa na mwanachama anayesimama mkutanoni akiuliza, “Ndugu Katibu, mbona jirani yangu aliyeleta kilo 499 amepata nyongeza na mimi niliyemzidi sikupata?” Swali hilo halina jibu la heshima.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, pamoja na namba ya katikati ya kila kundi, huongezwa namba za mipakani: iliyo chini kidogo ya mpaka, mpaka wenyewe, na iliyo juu yake kidogo. Makosa ya watunga programu hupenda kukaa hapo. Neno “zaidi ya” na neno “kuanzia” hukaribiana sana katika lugha ya watu, lakini kwa kompyuta yana tofauti ya mtu mmoja, yule aliye juu ya mstari. Mwanachama mwenye kilo 500 kamili akipimwa kwa “zaidi ya 500” atapata shilingi 10,000 badala ya 20,000. Kwa sharti hili, basi, hujaribiwa 99.9, 100 na 100.1, kisha 499, 499.5, 499.9, 500 na 500.1. Pamoja na zile tatu za katikati, namba kumi na moja zatosha kwa kazi ambayo mizani ingeweza kuipa makumi ya maelfu ya namba.

Yaliyosemwa hadi hapa yahusu namba halali. Yako na makundi ya zisizo halali, nayo yana haki ya kujaribiwa kama wenzake, kwa maana karani aliyechoka jioni ya siku ya kupokea mazao ataziingiza tu. Kuna kilo pungufu ya sifuri, ambazo hutokea mtu anaposahihisha stakabadhi. Kuna nafasi iliyoachwa tupu. Kuna herufi O iliyopigwa mahali pa sifuri. Kuna namba ya uanachama isiyokuwapo, na ya mwanachama aliyekwisha kujitoa. Kuna tarehe 31 Novemba, na 29 Februari, ambayo ipo katika mwaka 2028 wala haipo katika 2027. Programu njema huzikataa namba hizo na kueleza sababu. Mbaya huzikubali kimyakimya.

La kuangaliwa zaidi ni alama ya nukta na mkato. Karani mmoja huandika kilo elfu moja na mia tano kama 1,500, na mwingine, kwa mazoea au kwa kuteleza kwa kidole, huandika 1.500. Programu yaweza kuisoma ya pili kama kilo moja na nusu. Namba hiyo si batili machoni pa kompyuta. Ni halali kabisa, ila imeangukia kundi jingine. Kwa hiyo jaribio la maana si kuona kama programu itakataa, bali kuona itaandika nini katika stakabadhi, na kama mkulima aliyesimama pale ataweza kukisoma kilichoandikwa kabla hajaondoka.

Iko kanuni moja ya majaribio haya ambayo ikipuuzwa huharibu kazi. Namba halali zaweza kujaribiwa kwa pamoja: mwanachama wa kundi hili, zao la daraja hili, tarehe ya kawaida. Lakini kosa huingizwa moja moja. Mtu akiingiza namba ya uanachama isiyokuwapo pamoja na kilo pungufu ya sifuri, programu itakataa, naye atashangilia kwamba imekataa. Haijulikani imekataa kwa lipi. Huenda ilisimama kwenye namba ya uanachama na haikufika kamwe kwenye kilo.

Makundi hayatoki katika kinachoingizwa tu. Hutoka pia katika kinachotolewa. Hapa vyama vya mazao vina mfano wao ulio mchungu, nao ni makato ya pembejeo. Mazao ya mwanachama yakiwa na thamani ya shilingi 180,000 na deni lake likiwa 120,000, atapokea 60,000. Deni likiwa 180,000 kamili, atapokea sifuri. Deni likiwa 230,000, hesabu yasema hasi 50,000. Ni makundi matatu ya jibu, na kila moja lahitaji mwanachama wake wa majaribio. Katika kundi la tatu programu zaweza kufanya mambo ya ajabu: kuchapa hati ya malipo yenye alama ya kutoa, kuonyesha sifuri na kulifuta deni lililobaki, au kuihesabu ile alama ya kutoa kama mstari wa pambo na kuamuru mtu alipwe shilingi 50,000. Kinachopasa kufanyika chategemea makubaliano ya mkopo, na kama makubaliano hayakusema, hilo nalo ni pengo la kupelekwa kwa Bodi kabla ya msimu.

Makundi mengine hayamo katika masharti wala katika sheria yoyote, kwa sababu hutokana na mashine. Programu nyingi huhifadhi namba kamili katika nafasi ya biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2,147,483,647. Kwa mwanachama mmoja mpaka huo hauonekani hata kwa mbali. Kwa chama kikuu uko karibu: kilo 2,000,000 kwa bei ya mfano ya shilingi 1,200 ni shilingi 2,400,000,000, na tayari mpaka umevukwa. Programu isiyoandaliwa yaweza kusimama, au, vibaya zaidi, kuendelea na namba iliyorukia upande wa hasi. Katibu hana haja ya kujua biti ni nini. Atosheke kuongeza katika orodha yake namba moja iliyo kubwa kuliko jumla yoyote ambayo chama kimewahi kuifikia, kwa mfano mara mbili ya msimu ulio bora kuliko yote, na kuitazama jumla inayotoka.

Wataalamu wakubwa wameangushwa na jambo hilo hilo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ya nchi za Ulaya ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na kabla ya kutimia dakika moja ikapotea njia na kuvunjika angani. Sehemu ya programu yake ya kuongozea ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikwenda kwa mwendo mwingine. Namba iliyohusu kasi yake ya kwenda upande ikawa kubwa kuliko inavyoweza kuingia katika nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Tume iliyochunguza ajali ilieleza kwamba kifaa kile hakikuwa kimejaribiwa kwa mwenendo wa safari ya Ariane 5 yenyewe. Namba za roketi ya zamani zilikuwa za kundi moja, za roketi mpya za kundi jingine. Chama kinachouziwa programu kwa sifa kwamba imefanya kazi miaka mingi katika chama cha jirani kiikumbuke habari hiyo. Jirani huenda hupima kahawa kwa kilo mia, na chama hiki hupima pamba kwa tani.

Nani afanye kazi hii? Wengi hudhani ni ya mtunga programu, naye kwa kweli anapaswa kufanya ya kwake. Lakini yeye huyajua makundi aliyoyaandika, wala hawezi kuyaona aliyoyasahau. Mwenye kujua kwamba wako wanachama wawili wenye jina moja, kwamba gunia hupunguzwa uzito wake kabla ya kulipa, na kwamba mkutano wa mwaka fulani uliwasamehe wajane makato ya aina fulani, ni katibu, na baada yake mwanachama mzee wa Bodi aliyeuona kila msimu. Hao wawili wakiketi mchana mmoja na muhtasari wa mikutano, mstari uliochorwa na kalamu, watatoa orodha ambayo mtaalamu wa mjini hawezi kuitoa kwa mwezi.

Karatasi inayotokana na kazi hiyo iwe na safu nne tu: kundi, namba iliyochaguliwa, jibu la kalamu, jibu la kompyuta. Itiwe tarehe na sahihi za waliokuwapo, pamoja na ya aliyeleta programu, na ihifadhiwe katika jalada la chama. Mtu aweza kuona kwamba huko ni kuzidisha makaratasi. Habari za Uingereza zaonyesha vingine. Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha vituo vya posta na wasaidizi wao walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha katika vituo vyao. Walisema fedha haikupotea, kompyuta ilisema imepotea, kompyuta ikaaminiwa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika kwa kulipa upungufu usiokuwapo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na mwezi Mei 2024 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kasoro za Horizon zilikuwa za namna nyingi, na si zote ambazo zingegunduliwa kwa orodha ya makundi. Hata hivyo nafasi ya mwendesha kituo yule na nafasi ya katibu wa chama cha msingi ni moja: fedha ikionekana kupungua, anayeulizwa kwanza ni mshika daftari, na asiye na karatasi yoyote inayoonyesha jinsi programu ilivyojaribiwa hana la kuonyesha ila neno lake.

Orodha ikishatengenezwa mara moja haina haja ya kutungwa upya kila mwaka, lakini haikai milele bila kuguswa. Kila linapobadilika jambo lenye mpaka, yaani kiwango cha kodi, ushuru, daraja la zao au sharti la nyongeza, makundi yanayohusika hukokotolewa tena kwa kalamu na kuulizwa tena. Muuzaji akileta toleo jipya la programu, orodha yote hurudiwa, hata akisema kwamba alichobadilisha ni rangi ya maandishi tu. Nchini Tanzania mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza nao. Vyama vinavyolipa mishahara mwisho wa mwezi huo huwa na majuma manne ya kuipitia safu ya kodi, kazi ambayo katibu mwenye orodha iliyo tayari huimaliza kabla ya chai ya saa nne.